FreeBSD imeingia, kioo kimebaki na maandishi tu

Mpakato nyingi zinazofikishwa kwa mafundi wa Ngamiani, hapa Tanga, zimekwisha kutumika kwingine, na anayeweka FreeBSD 14, mfumo endeshi wa bure, kwa mara ya kwanza hudhani mashine imekufa akikuta maandishi meupe juu ya weusi. Haijafa, mfumo huu huwekwa bila madirisha, na mwenyewe ndiye huyaongeza.

Itambue kwanza kadi ya picha kwa amri `pciconf -lv`, ukitafuta neno `VGA`. Kisha, ukiwa root (msimamizi wa mfumo), andika `pkg install xorg twm xterm drm-kmod`, ili kupata madirisha na draiva, yaani programu zinazoendesha kadi ya picha. Asiye na waya wa intaneti aunganishe simu ya Android kwa USB, awashe ugawaji wa intaneti, kisha atumie `kldload if_urndis` na `dhclient ue0`. Bando liwe la kutosha, kwani mzigo si mdogo.

Hapa ndipo wengi huharakisha. Usiandikishe draiva katika `rc.conf`, faili linalosomwa kila mashine inapowaka, kabla ya kuijaribu kwa mkono: `kldload i915kms` kwa Intel, au `kldload amdgpu` kwa AMD za karibuni. Herufi zikibadilika ukubwa ghafla, draiva imeshika kadi, nawe unaweza kuidumisha kwa `sysrc kld_list+=i915kms`. Kioo kikizima na mashine ikaganda, izime tu; itawaka kama kawaida, kwa kuwa hukuandikisha kitu. Draiva ikikataa kupakiwa, na `dmesg`, amri ya kusoma ujumbe wa mfumo, ikataja `version mismatch`, fahamu kwamba draiva ilijengwa kwa kerneli (kiini cha mfumo) ya toleo jingine, hivyo unaweza kuijenga mwenyewe kutoka kwenye ports, hazina ya FreeBSD ya kujengea programu, kazi inayodai subira na umeme usiokatika.

Aliyekwisha kuiandikisha na sasa anaona giza kila anapowasha achague namba 2 (hali ya mtumiaji mmoja) kwenye menyu ya kuwashia, aandike `mount -u /`, halafu `sysrc kld_list-=i915kms`.

Mwingize mtumiaji wa kawaida katika kundi la video kwa `pw groupmod video -m` ikifuatiwa na jina lake, naye aingie upya na kuandika `startx`. Ikigoma, soma mistari yenye `(EE)` ndani ya `/var/log/Xorg.0.log`. Maneno `no screens found` mara nyingi humaanisha draiva haijapakiwa, jambo ambalo `kldstat`, inayoorodhesha draiva zilizopakiwa, italithibitisha. Kadi isiyokubali draiva yoyote kati ya hizi, katika mashine iliyowashwa kwa UEFI (njia ya kisasa ya kuwashia mashine), bado inaweza kutumia `scfb`, draiva ya jumla, ingawa ukubwa wa picha haubadiliki na video hukwamakwama.