Namna ya Kumweleza Mtoto Mdogo Kujaa na Kupwa kwa Maji ya Bahari

Mtoto wa miaka mitano au sita hulielewa jambo hili akiwa ameliona kwanza kwa macho yake, kwa hiyo anzia ufukweni, wala usianze na habari za mwezi. Kule Paje na Jambiani, mashariki mwa Unguja, maji yakipwa huacha mchanga wazi hadi karibu na mwamba, na siku za bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hufikia takriban mita 4. Chomekeni kijiti pale mawimbi yanapoishia, kisha mrudi baadaye kukitazama. Kesho yake nendeni saa ile ile, naye atagundua mwenyewe kwamba maji yamechelewa, kwani huchelewa kiasi cha dakika 50 kila siku. Mtoto asiachwe peke yake hata kidogo, kwa sababu maji yanayojaa huweza kumzingira aliye juu ya fungu la mchanga kabla hajatambua.

Baada ya hapo, chora mchangani duara dogo, ambalo ni dunia, na kulizunguka uchore umbo la yai, ambalo ni bahari. Mtoto mmoja ashike mpira na kusimama nje ya ncha moja ya yai: huyo ndiye mwezi unaoyavuta maji. Mwenzake atembee juu ya duara, akisema "yamejaa" kila afikapo kwenye ncha, na "yamekupwa" kila afikapo ubavuni. Akimaliza mzunguko atakuwa ametamka kila neno mara mbili, kama bahari yetu ifanyavyo kwa siku. Kisha mwezi usogee hatua moja kuelekea anakokwenda mwenzake, na yai lichorwe upya kumfuata. Hatua za ziada atakazolazimika kutembea ili aifikie ncha ndizo zile dakika 50.

Akiuliza kwa nini upande wa pili nao umejaa, usimkwepe: mwambie kwamba upande ule uko mbali zaidi na mwezi, hivyo maji yake huvutwa kwa nguvu ndogo kuliko dunia yenyewe, yakabaki nyuma. Mfano wa beseni la maji linalotikiswa siupendekezi, maana humwachia mtoto dhana kwamba kuna mkono unaoitikisa bahari.

Bamvua lieleze mwisho. Mwezi uandamapo na uwapo mpevu, jua huvuta kwa mstari mmoja nao, ingawa nguvu yake ya kuyajaza maji haifiki nusu ya ile ya mwezi, na ndizo siku ambazo akina mama wanaolima mwani huteremka kwenye mashamba yao ya baharini maji yakipwa. Mwezi ukiandama, mwombe mtoto atabiri maji yatakuwaje, kisha mwende mkahakikishe.