Unataka kupanga ratiba ya tenisi kama mapro? Anza na wiki ambazo huchezi

Wengi wakifungua kalenda ya tenisi wanatia alama kila shindano wanaloliona, mwaka mzima unajaa, afu mwezi wa sita bega linagoma na wanashangaa. Mapro wanaanza kwa kufuta, wanabakiza chache za lazima.

Weka kwanza Grand Slam nne, yaani mashindano makubwa kuliko yote: Australian Open pale Melbourne mwezi wa kwanza, Roland Garros ya Paris kuanzia mwishoni mwa mwezi wa tano, Wimbledon mwisho wa wa sita kuingia wa saba, na US Open ya New York mwezi wa nane kuingia wa tisa. Hizo ndo nguzo, manake bingwa anaondoka na pointi 2000 za renki (orodha ya ubora wa wachezaji) na hakuna kwingine utazipata kwa mkupuo. Kutoka kila nguzo hesabu kurudi nyuma, jiulize mwili unahitaji mechi ngapi kwenye aina ile ya uwanja kabla haujazoea, maana kutoka udongo wa Paris kwenda nyasi za Wimbledon una wiki tatu tu (kabla ya 2015 zilikuwa mbili, fikiria!) na kwenye nyasi mpira unakaa chini kabisa, magoti na mgongo vinajua.

Hapohapo panga kwa maeneo. Indian Wells na Miami, zote za Marekani, zinafuatana mwezi wa tatu, ukishavuka bahari cheza zote mbili. Monte Carlo, Madrid na Roma ni udongo mtupu, zinakupeleka Paris taratibu. Mtu anayeruka bara hadi bara kila wiki analipa tiketi na usingizi vyote pamoja.

Sasa kwenye pointi hapa ndo pana kazi. Kila pointi inaishi wiki 52 afu inadondoka, kwahiyo kama mwaka jana mwezi wa pili ulibeba shindano la 250 (dogo, bingwa anapata pointi 250), mwaka huu wiki ileile hizo 250 zinatoka ucheze usicheze. Andika pembeni ya kila wiki ulichovuna mwaka jana, utaona penye hatari mapema kuliko kugundua Jumatatu asubuhi renki imeporomoka.

Kitu kingine wengi hawakiangalii ni tarehe ya kufunga orodha ya washiriki. Grand Slam inatumia renki ya wiki sita kabla, na droo kuu ya wanaume ina watu 128 ambapo 104 wanaingia moja kwa moja kwa renki, 16 wanatoka kwenye mchujo, na 8 ni nafasi za mwaliko. Yaani orodha ya Wimbledon inakatwa katikati ya mwezi wa tano, hata Roland Garros haijaanza, kwahiyo ukiwa namba 110 hivi pointi zitakazokuingiza kwenye nyasi unazitafuta kwenye udongo mwezi wa nne. Ukijituma baada ya hapo umechelewa, utapita kwenye mchujo.

Na ukiwa huko chini swali la kila wiki ni hili: uende mchujo wa shindano kubwa au ucheze Challenger, yaani mashindano ya ngazi ya chini? Mimi naona Challenger, unless uko kwenye fomu kali sana, kwasababu ukipigwa mechi ya kwanza ya mchujo wiki imeisha na umeshalipa hoteli, wakati Challenger ukifika hata nusu fainali unarudi na pointi na mechi nne miguuni.

Halafu zile wiki za kupumzika uziandike kwa kalamu ya wino. Roger Federer, yule bingwa wa Uswisi, 2017 aliruka msimu wote wa udongo baada ya kubeba Miami, akarudi kwenye nyasi, akachukua Wimbledon bila kupoteza seti hata moja akiwa na miaka 35. Ila tusidanganyane, yule alikuwa na pointi za kuchezea, namba 90 akijaribu hivo anaweza kujikuta hata droo kuu haingii.

Wiki inayofuata baada ya Grand Slam iache nusu wazi: jiandikishe, lakini ujue tarehe ya mwisho ya kujitoa bila faini. Ukitolewa raundi ya kwanza unaenda kucheza, ukifika robo fainali unajitoa unaenda kulala.