Mpiga kafi, usimpokee mwenzako mwili ukiwa umepoa

Kama timu imekupa kipande cha kayaki (mtumbwi mwembamba wa kupiga kafi) kwenye mbio za kupokezana, na siku unazihesabu kama mimi, fanyia mazoezi dakika ya kwanza. Hapo ndipo wengi wetu tunapochosha mikono: tumesimama ufukweni tumepoa, mwenzetu anafika, tunaruka chomboni na kuvuta kwa nguvu zote. Pasha mwili moto kabla hajafika, jaketi la kujiokolea ukiwa umeshalifunga. Pa kukanyagia miguu parekebishe mapema, magoti yakunjike kidogo, maana nguvu hutoka kwenye kiwiliwili kinachozunguka. Mikono inafuata tu. Na kama mnapokezana kipima muda cha mguuni, jaribuni kuvishana mkiwa mmelowa. Vidole vyenye baridi havifungui mkanda haraka!