Kusoma mwaka kwenye dirhamu ya Bani Umayya kupitia picha za makumbusho

Mwongozo huu wa kusoma dirhamu, yaani sarafu za madini ya fedha, za Bani Umayya, ukoo wa makhalifa wa mwanzo wa Uislamu, ni wa anayesoma msahafu bila shida. Nimeuandika baada ya kumwelekeza mwanafunzi aliyekwama kwenye hatua ya nne.

1. Anzia MANTIS, kanzidata ya mtandaoni ya American Numismatic Society, chama cha Marekani cha elimu ya sarafu. Hapo picha, uzito na kipenyo viko pamoja. British Museum iwe ya kulinganishia.

2. Chagua dirhamu za mwaka 79 Hijria (698/699) na kuendelea, baada ya Khalifa Abd al-Malik bin Marwan kuondoa sura za watu kwenye sarafu na kubakiza maandishi. Za Kiarabu-Kisasani, yaani zile Waarabu walizopiga kwa mtindo wa wafalme Wasasani wa Uajemi, ziache kwanza: miaka yake huandikwa kwa Kipahlavi, Kiajemi cha kale, na mingine huhesabiwa tangu Mfalme Yazdgerd wa Tatu aliposhika kiti.

3. Soma katikati. Upande mmoja utakuta shahada, wa pili Surat Ikhlas. Aliyepita chuoni anayajua kwa moyo, kwa hiyo yatumie kuzoea maumbo ya herufi za Kufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu.

4. Sasa soma ukingo wa upande wenye shahada: bismillahi, duriba hadha d-dirham (imepigwa dirhamu hii), jina la mji ilikopigwa, kisha mwaka kwa maneno, mamoja yakitangulia makumi. Hapa ndipo saa zinapopotea. Kwa kawaida nukta hazipo, hivyo saba na tisa, sabini na tisini, hufanana: meno manne (vijiti vifupi vya herufi) kisha ain. Kuza picha utazame jino lililoinuka. Likiwa la kwanza, ni te ya tisa. Likiwa la nne, ni be ya saba. Lakini wachongaji hawakuwa na mkono mmoja, na sarafu iliyochakaa hukosa tofauti hiyo kabisa. Basi tegemea historia ya mji. Wasit, mji wa Iraki, ilijengwa na gavana al-Hajjaj bin Yusuf katika miaka ya 80 Hijria, kwa hiyo dirhamu ya Wasit haiwezi kuwa ya 79. Jaribu 97 au 99. Mji wa zamani kama Damascus haukupi msaada huo. Hapo tafuta sarafu nyingine za mji huohuo, uweke picha sambamba, ulinganishe neno kwa neno. Usikubali mwaka ulioandikwa na makumbusho kabla hujausoma mwenyewe.

5. Tazama uzito. Dirhamu nzima hukaribia gramu 2.9, ikipungua sana, chunguza kama imekatwa ukingoni.

Kwenye dinari, sarafu ya dhahabu, mwaka utafute ukingoni mwa upande wa Surat Ikhlas. Jina la mji kwa kawaida halimo.