Uji wa kuchacha: kwanza moto, chachu baadaye

Wateja wangu hapa Kisumu siku hizi wananijia na mambo ya tumbo: gesi, choo kigumu. Wamesikia uji wa kuchacha una bakteria wazuri. Unao, ila ukiuchemsha unawaua. Na sisi ndivyo tulivyozoea: unga unalala ndooni mpaka uchachuke, halafu unapikwa. Faida nyingine inabaki, maana kuchacha hupunguza faiteti, zile zinazong'ang'ania madini ya chuma ya wimbi (ulezi) yasiingie mwilini. Lakini anayetaka bakteria hai apike kwanza, kama Watanzania wanavyofanya togwa, uji wao wa kuchacha.

Hatua ya kwanza ni kimea. Loweka wimbi usiku kucha, chuja, funika kwa kitambaa kibichi siku mbili au tatu, ukinyunyizia maji. Likichipua lianike juani likauke kabisa, kisha saga. Mtama uache, machipukizi yake yana sumu ya sianidi.

Pili, pika uji mzito: vikombe 2 vya unga wa wimbi kwa lita 2 za maji, uchemke dakika 20 hivi huku unakoroga.

Tatu, na hapa ndipo wengi huharibu: subiri upoe. Dondosha tone kwenye kifundo cha mkono. Ukihisi vuguvugu tu, tia nusu kikombe cha kimea. Koroga uone. Uji uliokuwa ukishika mwiko unalegea dakika chache tu, na ukionja una utamu ingawa hukutia sukari, kwa sababu kimea kinageuza wanga kuwa sukari. Ongeza kikombe cha uji wa jana uliochacha kama chachu. Huna? Kimea chenyewe kina bakteria, ila utangoja zaidi.

Weka kwenye kibuyu au ndoo safi ya plastiki, si sufuria ya alumini. Funika, usikaze. Mimi niliwahi kukaza kifuniko cha jerikeni. Usiku kikaruka, nikaamka kupangusa ukuta.

Kwa joto la Kisumu, siku moja yatosha. Dada yangu wa Nakuru huifunga ndoo blanketi na kungoja siku mbili. Uwe na vipovu na ukali kama wa mala, yaani maziwa ya mgando. Ukianza kunukia pombe ya busaa umechelewa. Ukiota ukungu, mwaga wote.

Tumbo lisilozoea lianze na nusu glasi. Na kabla hamjaumaliza, teka kikombe kimoja cha chachu, ukifiche watoto wasikione.