Kumpenda mtu wa kwenye simu njia zikiwa zimefungwa

Nauza dagaa Kibirizi, hapa Kigoma. Mwaka 2020 mume wangu alikuwa fundi cherehani Mji wa Kale, Mombasa, na nilikuwa sijamtia machoni. Kuanzia tarehe 27 Machi, kwa ajili ya korona, ikifika saa moja jioni wao wote ndani. Tarehe 8 Aprili ikazuiwa kuingia na kutoka Mombasa, na Mei mtaa wao wenyewe ukafungwa. Sisi huku hatukufungiwa, ila biashara ilipooza. Tulikutana kwenye kundi la WhatsApp la wateja, akiulizia bei ya migebuka mikavu, samaki wa Ziwa Tanganyika. Wadogo zangu huniuliza nilijuaje kwamba si tapeli, basi nawaeleza.

Usianze na picha, picha huibwa. Anza na kazi yake. Muulize leo ameshona nini, kitambaa kimetoka wapi, nani hajalipa. Wangu alinitumia ujumbe wa sauti, nyuma cherehani inalia. Katikati ya maneno akanyamaza, nikasikia anakata uzi kwa meno. Hapo ndipo moyo wangu ulipogeuka. Wateja wa kanzu walipokauka akahamia kwenye barakoa, na siku lastiki ilipomwishia nilijua kabla ya ndugu zake.

Kisha mpigie kwa video saa moja kasoro robo jioni, bila kumwarifu, umuombe akuoneshe dirisha. Saa zetu ni moja, lakini kwao jua huwahi kuzama. Aprili ile dirishani kwake kulikuwa kiza na barabara tupu, mimi huku jua bado limeegemea milima ya Congo ng'ambo ya ziwa. Nikamgeuzia simu alione. Alikaa kimya, akasema, "Dada, huko bado mchana!" Anayedai yuko Mombasa na dirisha lake lina jua kama la Kigoma, mfute.

Hela usitume. Kabla yake kulikuwa na mwingine, aliniomba 150,000 eti atoke karantini. Nilimwambia anipe namba ya mama yake niongee naye kwanza, akapotea mpaka leo. Fundi wangu alikaa na njaa bila kuniomba shilingi, na hilo liliniuma kuliko kuombwa.

Bando lisikusumbue sana, la kupanga ni muda. Ongeeni mbalamwezi. Usiku wa kiza wavuvi wanaingia ziwani na taa, alfajiri lazima niwe ufukweni kupokea mzigo; mwezi ukijaa wanapumzika, nami nilikuwa na usiku mzima wa kumsikiliza. Mwambie ratiba yako mapema. Asiyeiheshimu kwenye simu hataiheshimu nyumbani.

Na usifiche. Wiki ya sita nilimpa mama simu. Alimuuliza ukoo wake, msikiti wanaoswali na jina la nyanya yake, akamwambia, "Mwanangu, njia zikifunguliwa, lete mshenga." Mapenzi ambayo mkubwa wa nyumbani hajayasikia ni mepesi kukatika.

Akija, kutaneni mchana penye watu, na usiende peke yako. Mimi nilikwenda stesheni na mjomba. Alishuka na begi moja, mkononi barakoa ya kitenge aliyonishonea, kipimo amekitoa kwa macho tu kwenye video. Ilinibana kidogo masikioni. Niliivaa hivyo hivyo mpaka Ujiji.