Kuchua mgongo unaouma: maswali kabla ya mafuta, kazi ya mkono, na saa zinazofuata

Kumchua mtu mgongo hadi apate nafuu si kazi ngumu. Kazi ni kujua mgongo upi usiguswe, na kujua la kufanya nafuu ikishapatikana. Wengi hukosea hapo pawili.

Kwanza tuondoe dhana moja. Pingili za mgongo hazihami kwa kuinua ndoo ya maji, wala hakuna anayezirudisha kwa kidole gumba. Ule mlio wa "ka!" unatokana na gesi iliyomo kwenye ute wa kiungo. Mtu akichuliwa vizuri, misuli iliyojikaza hulegea na maumivu hutulia kwa saa kadhaa, pengine hadi kesho yake. Ni hayo tu, na yanatosha ukiyatumia.

Kabla ya kufungua chupa ya mafuta, uliza. Bibi, mkojo unatoka kama kawaida? Sehemu za siri na kati ya mapaja unazisikia, au zina ganzi? Mguu unalegea au kuburuta? Swali la pili watu wanaona haya kuliuliza. Basi mwanamke amuulize mwanamke mwenzake, lakini liulizwe. Ukipata jibu baya, mpeleke Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa hapa Tanga, siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Neva za chini ya mgongo zikibanwa, kuchelewa kunaweza kumwachia mtu ulemavu wa kudumu.

Kisha ulizia homa, jasho la usiku na kukonda. Kifua kikuu hushambulia pingili pia, na mgonjwa anaweza asikohoe hata kidogo. Huyo akiendelea kuchuliwa nyumbani anapoteza miezi, mpaka kibiongo kinajitokeza. Aliyeanguka kutoka mnazini, aliyewahi kuugua saratani, na mzee ambaye mgongo umeanza kumuuma ghafla baada ya kuteleza tu, wapigwe picha kwanza. Shavu la mguu mmoja likivimba, likawa na joto na kuuma, usilichue kabisa: huenda damu imeganda kwenye mshipa, na kipande kikibanduka kitaishia kwenye mapafu. Mwenye seli mundu usimwekee barafu, maana ubaridi unaweza kumwamshia maumivu makali.

Kitanda cha kamba hakifai. Kinabonyea, nguvu yako yote inamezwa na kamba. Tandika godoro jembamba juu ya mkeka, wewe upige magoti pembeni, au tumia meza imara inayofika katikati ya paja lako. Alale kifudifudi, mto mwembamba chini ya tumbo, kanga iliyokunjwa chini ya vifundo vya miguu. Kanga nyingine imfunike kuanzia makalio kushuka chini. Funua tu pale unapofanyia kazi. Mafuta ya nazi kijiko kimoja cha chakula yanatosha mgongo mzima. Yakizidi, mkono unateleza na misuli haishikiki.

Ukitaka kutanguliza joto, chovya taulo kwenye maji ya moto, ikamue, ijaribu kwenye ngozi ya ndani ya mkono wako, kisha iweke dakika 15. Mwenye kisukari ambaye ngozi yake ina ganzi asiwekewe. Ataungua bila kujua. Wala usiweke taulo ya moto juu ya dawa ya kuchua yenye mentholi, ngozi itababuka.

Anza na viganja viwili, kutoka kiunoni kwenda mabegani, polepole, ukirudi kwa ubavuni bila kukandamiza. Dakika 3 hivi. Hapo unatafuta: wapi pagumu, wapi anashtuka. Kisha kaa upande usiouma. Weka kitako cha kiganja kwenye ile misuli mirefu inayopita kandokando ya uti wa mgongo, upana wa vidole viwili kutoka katikati, uisukume kwenda nje, uachie, usogee kidogo, urudie. Dakika 5, halafu ugeukie upande wa pili. Mifupa ya katikati usiikandamize, na pale chini ya mbavu za mwisho usipige ngumi.

Ukikuta fundo, weka gumba moja na ulitegemeze kwa la pili, mikono imenyooka, uzito wa mwili ndio ubonyeze. Vinginevyo utaharibu viungo vya vidole vyako mwenyewe. Mwambie ataje maumivu kwa namba, 0 hadi 10, na usivuke 5. Shikilia sekunde 30 hadi 60 bila kuzungusha. Namba inatakiwa kushuka. Ikipanda, punguza au hama. Akibana pumzi au akikunja vidole vya miguu, umezidisha, hata kama anasema "endelea tu, mwanangu." Imani ya kwamba dawa ni mpaka ulie ndiyo inayowaamsha watu na michubuko, misuli imekaza kuliko jana. Zoezi zima lisizidi dakika 20. Na mtoto asitembezwe mgongoni mwa mtu: uzito wake unatua popote, pengine kwenye ubavu.

Kutikisa pingili zenyewe mwachie mtaalamu wa fiziotherapia. Yeye hubonyeza moja moja kwa mitikisiko midogo, mara 2 au 3 kwa sekunde, kwa ngazi zilizopangwa na Geoffrey Maitland wa Australia: ya 1 na ya 2 kutuliza maumivu, ya 3 na ya 4 kulegeza ukakamavu. Akianza na ya 1 ukaona kama amekupapasa tu, usimdharau. Shingo ndiyo usimpe mtu ovyo. Kinyozi anayeizungusha kwa ghafla akimaliza kunyoa anachezea mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo. Ikichanika, mtu anaweza kupata kiharusi. Mwambie mapema: shingo niachie.

Akishachuliwa, asirudi kulala. Hapa ndipo nafuu inapotumika au kupotea. Alale kifudifudi dakika 2, ajiinue kwa viwiko dakika 2 nyingine, kisha anyooshe mikono ainue kifua huku kiuno kikibaki chini, mara 10. Arudie kila baada ya saa 2 au 3. Kanuni aliyoisisitiza Robin McKenzie wa New Zealand ni rahisi kuifuata: maumivu yakitoka mguuni na kupanda kukusanyika kiunoni, ni dalili njema, hata kiuno kikiuma zaidi kwa muda. Yakishuka kuelekea unyayoni, acha zoezi. Wazee ambao miguu huwauma wakisimama au kutembea, wakapata nafuu wakiinama au kukaa, zoezi hili mara nyingi haliwafai. Wao walale chali wavute magoti kifuani, mara 10. Kutembea dakika 10 hadi 15 asubuhi na jioni kunawafaa wengi, na anayeishia njiani kwa maumivu aketi kidogo, kisha aendelee.

Bega lililoganda halitaki papara. Inama, mkono uning'inie, uuache uyumbe kama timazi la fundi mwashi, dakika 2. Kisha vidole vipande ukutani hadi pale maumivu yanapoanza, si zaidi. Huchukua miezi mingi, mara nyingine zaidi ya mwaka, na kulilazimisha kunaliudhi.

Kwa anayekuna nazi kila siku, inua mbuzi kwa matofali ili magoti yasipande juu ya nyonga, na usimame kila dakika 10. Na kwa vile Tanga ni mji wa baiskeli, goti linalouma kwa mbele lianzie kuchunguzwa kwenye kiti. Kaa, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa: mguu unatakiwa unyooke. Ukibaki umekunjwa, pandisha kiti sentimita 1, uendeshe siku chache, kisha upime tena.